Mimba zabibu: Ujauzito wenye urithi wa baba pekee

Na Mwandishi Wetu, Singida

KWA Wanyaturu, wenyeji wa Singida Mjini na vitongoji vyake, mtoto ni wa ukoo wa baba. Sayansi hueleza vingine: kila mtoto hupata nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Hata hivyo, upo ujauzito ambao kromosomu zake zote hutoka kwa baba, nao hauzai mtoto. Huo ni mimba zabibu kamili.

Mimba hiyo hutunga pale mbegu ya mwanamume inapoingia katika yai lisilo na kiini. Mara nyingi ni mbegu moja inayojirudufu, kromosomu zake 23 zikawa 46. Mara chache huingia mbegu mbili. Wanasayansi wa Japani, Tadashi Kajii na Koso Ohama, walilibainisha jambo hilo mwaka 1977. Kwa kukosekana urithi wa mama, mtoto haumbiki. Hukua tishu za kondo la nyuma tu, zikiwa vifuko vya majimaji vilivyoshikana mithili ya kichala cha zabibu, tunda wanalolijua vyema majirani wa Dodoma.

Mwanamke hukosa hedhi, hutapika kupita kiasi, na kipimo cha mkojo huonyesha kuwa ni mjamzito. Baadaye hutokwa damu, na tumbo huweza kuwa kubwa kuliko umri wa mimba. Walio hatarini zaidi ni wasichana wa chini ya miaka 20 na wanawake waliovuka 40. Lawama kwamba amerogwa, au alijaribu kuitoa mimba, hazina msingi wowote.

Ultrasaundi ikishabaini tatizo, daktari husafisha kizazi kwa kufyonza. Hapo ndipo wengi hudhani yamekwisha, wakarudi nyumbani na kuendelea na shughuli zao. La hasha! Kwa wanawake 15 hadi 20 katika kila 100, mabaki huendelea kukua, na yanaweza kugeuka saratani ya koriokasinoma, ambayo husambaa upesi hadi kwenye mapafu na ubongo. Kwa sababu hiyo homoni ya ujauzito hupimwa katika damu kila wiki hadi itoweke, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa. Muda wote huo mwanamke hutumia uzazi wa mpango, kwani mimba mpya ingeipandisha homoni hiyo na kuificha saratani.

Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo Dar es Salaam, takriban kilomita 700 kutoka Singida. Safari hiyo ni mzigo kwa familia ya kipato cha chini. Tiba yenyewe haina utata mkubwa. Mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz wa Marekani walitangaza mafanikio ya dawa ya methotreksati dhidi ya koriokasinoma, na leo zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 wanaotibiwa mapema hupona. Wengi wao huja kushika mimba ya kawaida na kujifungua salama.