Kutoka Kisenge kuenda chuo kikuu: nini mwanafunzi anapashwa kupewa, na karatasi gani za kuangalia

Kijana wa Kisenge akishapata Diploma ya Serikali, wengi wanamtazama Kolwezi, kwenye Chuo Kikuu cha Kolwezi (UNIKOL) na taasisi zingine za juu za mji ule. Wengine wanasonga mpaka Lubumbashi, kilomita karibu 300 kutoka Kolwezi. Kisenge ni mji wa manganezi, na tangu vita vya Angola vilipokata reli ya kuelekea Lobito mwaka 1975, mgodi ulipoteza njia yake kubwa ya kuuza. Familia inayouza mihogo juu ya kulipa mwaka wa kwanza haina feza ya pili ya kurekebisha kosa. Ndiyo maana kujua kanuni mbele ya kulipa kunaokoa kuliko kulia kisha.

Chuo kina idhini?

Swali la kwanza si bei. Ni hili: serikali inakitambua chuo hiki? Chuo cha serikali kinaanzishwa na serikali yenyewe. Chuo cha binafsi kinapashwa kuwa na idhini ya serikali (agrément), na idhini inahusu pia masomo kinayofundisha. Chuo kinaweza kuwa halali kwa sheria au uchumi, kumbe idara yake mpya ya afya haijaruhusiwa. Mtu akimaliza huko, diploma yake inaweza kukataliwa akiomba kazi ya serikali au akitaka kuendelea na masomo kwingine.

Wizara ya Masomo ya Juu na Vyuo Vikuu (ESU) ina wakaguzi wake, na kuna pia shirika la kitaifa la kuhakikisha ubora, ANAQ-ESU. Mara kadhaa wizara imetangaza vyuo ambavyo haviwezi kuendelea kufundisha. Mzazi aombe kuona namba na tarehe ya karatasi ya idhini, kisha aulize kwa ofisi ya ESU ya jimbo. Chuo cha kweli hakikasiriki kwa swali hilo.

Mfumo wa LMD: hesabu ya krediti

Sheria ya elimu ya kitaifa namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo msingi wa masomo yote ya Kongo, toka shule ya watoto wadogo mpaka chuo kikuu. Mfumo wa zamani ulikuwa graduat miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Mfumo mpya, LMD, unapanga lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2, kisha udokta.

Kila mwaka una krediti 60. Lisansi inaomba krediti 180, na masta inaongeza 120. Krediti haihesabu saa za mwalimu ubaoni peke yake. Inahesabu pia kazi anayofanya mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi akianguka somo moja, hiyo ni deni la krediti, na anapashwa kulilipa. Wengi wanagundua deni hilo wakati wa kutoa memware. Kwa hiyo, mwisho wa kila semesta aombe orodha ya pointi zake na krediti alizopata, aiweke nyumbani pamoja na diploma.

Malipo na risiti

Masomo ya bure katika shule za msingi za serikali yalianza Septemba 2019. Chuo kikuu hakimo. Kila mwaka wizara inatuma vyuoni maagizo ya mwaka wa masomo (instruction académique), yenye kalenda na kanuni za malipo. Mwanafunzi ana haki ya kuona orodha ya malipo ikiwa imebandikwa, na kujua kila franga inaenda wapi.

Ugumu unakuja bei ikipangwa kwa dola, halafu watu walipe kwa franga. Mwanzoni mwa Januari 2020, kule Chuo Kikuu cha Kinshasa, wanafunzi waliandamana juu ya malipo kupanda. Maandamano yakageuka fujo, masomo yakasimamishwa, na wanafunzi wakaamriwa kutoka katika nyumba zao za kulala. Aliyeumia zaidi ni yule aliyetoka mbali, bila ndugu mjini.

Kanuni ni rahisi: lipa bankini au kwa kesi rasmi, usilipe mkononi mwa mtu. Bordero ibaki nakala moja kwako. Mtu akikuomba feza ya «kusukuma dosie» bila risiti, hiyo si malipo ya chuo.

Huduma ambazo si zawadi

Mwanafunzi hahitaji kalasi tu. Anahitaji aparitora inayotunza dosie yake, mtu wa kumwelekeza katika mwaka wa kwanza, mahali salama pa kulala, na njia ya kutibiwa akiugua. Chuo kikikosa nyumba za kulala, kinaweza walau kutunza orodha ya nyumba za kupanga zilizokaguliwa, na kuwapokea wageni kwa siku moja ya maelezo mbele ya masomo kuanza. Hiyo haiombi feza nyingi. Inaomba mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, mwenye mlango unaojulikana.

Kwa wanafunzi wenye ulemavu, sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao, na masomo ni mojawapo. Kuhamisha kalasi kutoka ghorofa ya juu kuja chini kwa sababu ya mwanafunzi mmoja ni kutimiza sheria, si huruma.

Pointi kwa mwili

Watu wa vyuo wanalijua jambo hili, wengi wanalitaja kwa utani: mwalimu anayeomba mwili juu ya kutoa pointi. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaita hiyo unyanyasaji wa kingono. Anayetumia mamlaka ya kazi yake kudai tendo la ngono anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka miaka 12. Lakini sheria inaomba mwathirika mwenyewe apeleke mashtaka. Hapo ndipo ulegevu wa chuo unaua kesi: msichana asipokuwa na mtu wa kumwambia kwa siri, ananyamaza.

Chuo kinachotaka kuheshimu sheria kinaweka mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mwalimu wa idara ile ile, na kinaruhusu kopi ya mtihani isahihishwe na mwingine. Mwanafunzi atunze ujumbe wa simu, aandike tarehe na saa, na amwambie mtu mmoja anayemwamini siku ile ile.

Feza itoke wapi?

Tanzania ina Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, nayo Kenya ina yake. Kwetu mzigo mkubwa unabaki kwa wazazi. Lakini Lualaba ina madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaomba kampuni yenye kuchimba itenge walau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii inayoguswa na mgodi. Sheria hiyo hiyo inaipa serikali ya mahali 15% ya ushuru wa madini, na jimbo 25%. Ambapo mgodi unafanya kazi, wakaaji wanaweza kuomba, katika mikutano ya kupanga miradi, kwamba sehemu iende kwa nyumba ya kulala ya wanafunzi au kwa malipo ya wale walioshinda vizuri. Kisima na shule mara nyingi vinatajwa. Mwanafunzi aliye mbali anasahaulika, kwa kuwa siku ya mkutano hayupo. Mzazi wake ndiye wa kumtaja.