Nani Atamwinua Aliyeanguka?

Somo la redio kwa vikundi vya kisomo

Ninyi mliokusanyika Ipinda, ninyi wa Matema chini ya Milima ya Livingstone, nanyi wa Kyela mjini, karibuni darasani. Fungueni madaftari. Asiye na kitabu asome pamoja na jirani yake.

Leo naanza na swali. Tuseme ni jioni, mpunga umekwisha kuvunwa, na vijana wanacheza mpira karibu na ziwa. Kijana mmoja anagongana na mwenzake, anaanguka, na mguu wake umepinda. Watu wanamzunguka. Mmoja anasema mguu uvutwe. Wa pili anasema uchuliwe. Wa tatu anasema ufungwe, tena ukazwe sana. Je, ni nani kati yao anayejua? Kijana huyo ni mkulima. Mguu ukipona vibaya, atalima kwa taabu maisha yake yote. Kwa hiyo leo tutasoma historia ya watu waliojifunza kumtibu mwanamichezo.

Kazi hii ni ya kale sana. Zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, Galen, mganga wa mji wa Pergamon, alikuwa akiwatibu watu waliopigana uwanjani mbele ya watazamaji. Huku Afrika nako, kabla ya hospitali, walikuwako wazee wa kuunga mifupa. Walifunga mguu kwa vijiti ili usicheze. Hiyo ni hekima, na hospitali hufanya hivyo mpaka leo. Hatari ni kukaza mno. Mguu ukikazwa mno, damu haipiti, nyama inakufa, na mwisho mguu hukatwa.

Mwaka 1891 wamisheni wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, nchi ikawa chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1920 serikali yao ilianza kuwafundisha madresa. Dresa alisafisha vidonda, akafunga bandeji na kutoa dawa. Aliyetaka kuwa daktari hasa ilimbidi aende mbali. Mafunzo ya uganga yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1924, lakini Watanganyika waliofika huko walikuwa wachache sana. Mwalimu Nyerere aliwahi kukumbusha kwamba nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na watu wazima 85 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mambo haya mawili ni ndugu. Pasipo wasomaji wengi, madaktari hawawezi kuwa wengi.

Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Mwaka uleule wa 1968 kijana wetu kutoka Mbulu, John Stephen Akhwari, alikimbia mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico. Njiani alianguka. Goti liliumia vibaya na bega likagonga chini. Akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea. Aliingia uwanjani jioni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza, na dunia haijamsahau. Tumsifu kwa moyo wake. Lakini tusijifunze kwake kwamba kila aliyeumia lazima aendelee. Kazi ya mganga wa michezo ni kupima, kisha kusema, “Endelea,” au kusema, “Basi, pumzika.” Neno hili la pili ni gumu, kwa maana mchezaji hataki kulisikia, wala washabiki hawalitaki.

Tena si mifupa tu. Mwaka 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani huko Lyon, Ufaransa, wala hakuguswa na mtu. Moyo ulikuwa na kasoro. Akafa siku hiyohiyo. Baada ya hapo, kupima mioyo ya wachezaji kulitiliwa mkazo zaidi.

Sasa tazameni jinsi njia ilivyopanuka nchini. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971, na huko hufundishwa kazi ya kurudisha nguvu za viungo kwa mazoezi, yaani fiziotherapia. Mwaka 1981 kilianza hukohuko chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia. Mwaka 1996 sheria iliunda Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili.

Kijana wa Kyela afanye nini? Kwanza asome vizuri Baiolojia, Kemia na Fizikia. Akifaulu kidato cha nne, aweza kusomea uafisa tabibu au fiziotherapia kwa stashahada ya miaka 3. Akiendelea hadi kidato cha sita na kufaulu, aweza kusomea udaktari miaka 5, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi, na baadaye ubingwa wa mifupa. Njia ni ndefu, lakini ina vituo. Afisa tabibu mwema katika wilaya ana faida kubwa kwa timu ya kijiji.

Mwaka 1986 jirani zetu wa Rungwe, Tukuyu Stars, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Watu humkumbuka mfungaji wa mabao. Mfungaji wa bandeji hukumbukwa na nani? Humkumbuka yule aliyepona.

Turudi kwa kijana wetu wa jioni. Msimvute mguu. Ufungeni kama ulivyo, kwa vijiti viwili na kitambaa, bila kukaza. Tazameni vidole: vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, legezeni. Kisha mpelekeni hospitali upesi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini ni hatari kukaza mno bandeji?
2. Mganga wa michezo afanye nini ikiwa mchezaji aliyeumia anataka kuendelea?
3. Katika kijiji chenu, ni kijana gani apendaye masomo ya sayansi? Ninyi wazee mtamsaidiaje?

Andikeni majibu yenu sentensi tatu tatu. Kwaherini, ndugu, hadi somo lijalo.