Mkutano wa utafiti wa wanafunzi wa tiba

Mkutano wa utafiti wa wanafunzi wa tiba ni kusanyiko la kitaaluma ambamo wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia, maabara na fani nyingine za afya huwasilisha tafiti zao mbele ya wenzao, walimu na wataalamu walioalikwa. Kwa kawaida huchukua siku moja hadi nne. Nchini Tanzania hufanyika zaidi katika miji yenye vyuo vikuu vya tiba, kama vile Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na Dodoma. Mkoa kama Mtwara, ulio zaidi ya kilomita 550 kusini mwa Dar es Salaam, umekuwa mahali pa kufanyia utafiti wa afya zaidi kuliko mahali pa kuusikiliza.

Waandaaji

Waandaaji huwa ni wanafunzi wenyewe au chuo chao. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari (IFMSA) liliundwa mwaka 1951, na lile la Afrika (FAMSA) mwaka 1968. Tanzania ina chama chake, TAMSA. Huko Groningen, Uholanzi, kuna mkutano mkubwa wa kila mwaka unaoendeshwa na wanafunzi na kupokea washiriki kutoka nchi nyingi. Nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) huwa na kongamano lake la kisayansi, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina mkutano wake pia. Kwa wanafunzi wa sekondari, shughuli iliyo karibu na hii ni maonyesho ya Young Scientists Tanzania yaliyoanzishwa mwaka 2011 kwa mfano wa yale ya Ireland.

Wageni

Wageni wa mkutano ni wa aina mbili, na ni vizuri kutowachanganya. Mgeni rasmi ni kiongozi anayefungua au kufunga mkutano: waziri, mkuu wa mkoa, makamu mkuu wa chuo. Hotuba yake inahusu sera, na mara nyingi huanza kwa orodha ndefu ya waheshimiwa, isipokuwa msemaji akiikata kwa maneno "itifaki imezingatiwa". Mzungumzaji mgeni ni mtafiti. Yeye hualikwa kueleza kazi aliyoifanya, na baadaye huulizwa maswali. Mkutano unaompa mgeni rasmi saa nzima na mtafiti dakika kumi umepoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Mzungumzaji mzuri kwa wanafunzi hasemi matokeo tu. Hueleza jinsi swali lilivyopatikana, jinsi sampuli zilivyoharibika, na kwa nini dhana ya kwanza ilikuwa na makosa. Vitabu vya kiada huyaacha mambo haya.

Shughuli

Miezi kadhaa kabla ya mkutano, mwanafunzi hutuma ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wake wenye usuli, mbinu, matokeo na hitimisho. Kamati ya waamuzi huzisoma ikisiri, mara nyingi bila kuonyeshwa majina. Zinazopita hugawanywa: baadhi huwasilishwa kwa mdomo kwa dakika chache, nyingine kwa bango linalobandikwa ukutani huku mwandishi akisimama kando yake. Wengi huona bango ni daraja la pili, lakini mbele ya bango ndipo mwanafunzi hupata mazungumzo marefu na mtu anayeijua mada.

Pamoja na hayo huwa kuna warsha za takwimu, za kushona vidonda au za kuandika makala, mijadala, ziara za maabara na hospitali, na zawadi kwa washindi.

Utafiti unaohusu watu lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuanza, na wahusika waridhie kwa hiari. Kibali hakiombwi baada ya data kukusanywa. Kazi isiyokuwa nacho hukataliwa hata ikiwa na matokeo ya kuvutia.

Utafiti wa Mtwara na wasikilizaji wake

Mfano unaofaa kufundishia ni wa homa ya chikungunya. Mwaka 1952 homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, hasa Newala. Daktari Marion Robinson, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi, aliandika dalili zake. W.H.R. Lumsden, wa taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, Uganda, alichunguza uenezi wake. R.W. Ross alivitenga virusi kwa kuwadunga vitoto vya panya damu ya wagonjwa. Jina lilitoka kwa wagonjwa wenyewe: ni neno la Kimakonde kuhusu kujikunja, kwa jinsi maumivu yalivyomkunja mtu.

Uwanda huo hauna maji ya karibu. Watu waliyateka mbali na kuyaweka nyumbani, na katika vyombo hivyo mbu wa Aedes aegypti walizaliana. Kwa hiyo jambo lililowahusu zaidi watu wa Newala lilikuwa jinsi ya kufunika mtungi. Makala za Robinson na Lumsden zilitoka mwaka 1955 katika jarida la London, na ya Ross mwaka uliofuata, zote kwa Kiingereza.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Kati ya mwaka 2010 na 2013, katika wilaya sita za mikoa ya Lindi na Mtwara, watu wa kujitolea walizitembelea nyumba za wajawazito na wazazi kuwashauri namna ya kumtunza mtoto mchanga. Baadhi ya desturi za uzazi ziliboreka, lakini vifo vya watoto wachanga havikutofautiana na vya kata zisizotembelewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Wanafunzi huogopa kuleta mkutanoni matokeo ya namna hiyo wakidhani wameshindwa, ingawa asiyeyajua anaweza kutumia fedha upya kwa njia ileile.

Mtwara ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na hospitali ya misheni ya Ndanda upande wa Masasi. Mkutano ukifanyika karibu na hospitali hizi, wauguzi na wahudumu wa afya wa vijiji vilivyofanyiwa utafiti wanaweza kukaa miongoni mwa wasikilizaji na kuuliza. Swali la muuguzi wa zahanati ya Msimbati au Newala kwa kawaida ni gumu kuliko la profesa, kwa kuwa anawafahamu watu waliohesabiwa.

Baada ya Newala, chikungunya ilisafiri mbali. Mwaka 2004 ilizuka Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa, kisha ikaenea Komoro, Réunion na Bara Hindi.