Mkanda wa taimingi: kutoka cherehani hadi Land Cruiser

Hebu piga hesabu hii. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka nusu yake, 1,500. Maana yake kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde moja, tena kwa wakati wake kamili. Zamani kazi ya kuunganisha shafti hizo mbili ilikuwa ya giya au cheni ya chuma. Nani basi alithubutu kuikabidhi kwa mpira?

Mkanda wenye meno haukuzaliwa kwenye gari. Ulibuniwa Marekani miaka ya 1940, ili sindano na bobini ya cherehani zikutane bila kupishana. Katikati ya miaka ya 1950, Bill Devin wa California akaufunga kwenye injini ya gari lake la mashindano. Lakini wa kwanza kuuweka kwenye gari la kuuzwa kwa watu wa kawaida walikuwa Glas wa Dingolfing, Ujerumani, waliotokea kwenye mashine za kilimo. Gari lao, Glas 1004, liliingia sokoni mwaka 1962. Miaka minne baadaye Pontiac na Fiat wakafuata. (Mwaka huohuo, 1966, BMW wakawanunua Glas.)

Ukiangalia faida zake unawaelewa: mkanda ni mwepesi, hauna kelele, ni wa bei nafuu, na hauhitaji oili. Ila kuna gharama iliyohamishiwa kwako. Cheni ikichoka mara nyingi inagonga, unaisikia. Mkanda unakatika kimyakimya, na kwenye injini nyingi pistoni zinazopanda zinakutana na valvu zilizobaki wazi. Hapo unaongelea silinda hedi, si mkanda tena.

Ndiyo maana kuufunga kunataka utulivu. Pistoni namba moja ipande juu kabisa, alama za krenki na kamshafti zikae mahali pake, kisha tenshena ikazwe. Halafu fundi makini anazungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili kamili, na kuziangalia alama upya. Kwa nini miwili? Kwa sababu ndipo kamshafti inamaliza mmoja. Meno yakiruka hata moja, valvu zinachelewa au kuwahi, na gari linakosa nguvu. Akikubana kwamba "itajipanga yenyewe", mkatalie.

Toyota waliongeza taa ya T-BELT kwenye dashibodi za dizeli kama Land Cruiser za 1HZ na Prado za 1KZ. Usidanganyike, taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu, na fundi asipoirudisha mwanzo baada ya kubadilisha, hesabu yake haina maana. Kwa gari lililotumika Japani kuna dalili bora zaidi: gereji za kule hubandika karatasi ndani ya boneti, yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Usipoikuta, odomita peke yake haikwambii umri wa mkanda, kwa hiyo mafundi wengi huubadilisha gari likishafika tu, na kuanza kuhesabu upya.