Aliomba viatu vya bibi yake, nikamtumia visigino virefu

Wasee, kabla mnicheke, nisikizeni kwanza.

Mimi huuza viatu vya mitumba kwa simu. Nachagua Gikomba, naosha kwetu Mukuru, napiga picha, naposti. Juzi mteja wa Mwanza akaniandikia: "Habari kaka, naomba viatu vizuri vya bibi yangu." Nikajua huyu ni jamaa anapenda mke wake. Nikamtumia picha ya visigino virefu vyekundu, nikaongeza: "Akivaa hizi, buda, wikendi yote hutoki nyumbani."

Kimya. Tiki mbili za buluu. Baada ya nusu saa: "Kaka, bibi yangu ana miaka 78."

Hapa kwetu bibi ni mke. Tanzania bibi ni mama wa mzazi wako, yule sisi tunaita shosho ama nyanya. Katika kuomba msamaha nikaandika, "Pole, kumbe ni nyanya!" Akaniuliza kama nauza pia mboga.

Nikaposti hiyo stori. Watu walicheka, lakini komenti iliyopata moyo nyingi ilisema: "Wakenya hawajui Kiswahili." Hiyo ilinichoma. Mimi niliacha chuo, nimezoea kuambiwa sijui kitu. Lakini lugha ya mtaani kwetu nani aliamua ni makosa?

Ukirudi nyuma, reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi 1899. Kiswahili kilipanda nayo bara, midomoni mwa wapagazi na vibarua. Mitaa kama Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mjaluo, Mkamba, Mluhya na Mkikuyu walijipata mlango kwa mlango, na hakuna aliyengoja kamusi ndio aombe chumvi. Kiswahili chetu kilizaliwa kazini.

Sasa hicho "sanifu" tunachopimiwa nacho kilitoka wapi? Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano Mombasa, Kiunguja cha Zanzibar kikachaguliwa kuwa msingi. 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Yaani Waingereza waliketi wakaamua. Baadaye Tanzania ikafanya Kiswahili lugha ya shule zote za msingi. Kwetu kilikuja kuwa somo la lazima la mtihani na 8-4-4, mwaka 1985. Kwa hivyo usishangae tukiachana njiani.

Na hata "bibi" yenyewe haijawahi kukaa mahali pamoja. Bibi Titi Mohamed alianza kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955, akiwa hajafika miaka 30. Hakuwa shosho wa mtu. Hapo bibi ni heshima tu, mwanamke wa kuheshimiwa. Nikimtupia mteja wangu hiyo, ananiita mjanja, lakini ni ukweli.

Sisemi tusijifunze. Nilikaribia kupoteza pesa na nikatusi shosho wa wenyewe. Nasema tu, mwenzako akitumia neno tofauti, muulize kabla umcheke.

Mteja mwishowe alichukua raba nyeusi, saizi 38, zikaenda na basi. Shosho amezipenda.

Siku hizi mtu akiniambia anataka viatu vya bibi, swali langu la kwanza ni moja: ana miaka mingapi?