Maore: Kisiwa Kilichokatwa Komoro

Visiwa vinne vya Komoro, yaani Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore, havikuingia mikononi mwa Ufaransa kwa pamoja. Maore ilitangulia mwaka 1841, pale Andriantsoly, mtawala aliyetoka Madagaska, alipoitoa kwa Wafaransa naye akaahidiwa malipo ya kila mwaka. Vile vingine vitatu viliwekwa chini ya himaya yao mwaka 1886. Lakini ni Ufaransa yenyewe iliyovifanya vyote koloni moja mwaka 1912, ikaviambatanisha na Madagaska, kisha mwaka 1946 ikavipa utawala wao mbali na wa Madagaska. Aliyeunganisha nchi ili aitawale kwa urahisi hana haki ya kuikata siku ya kuondoka.

Na ndivyo alivyofanya. Tarehe 22 Desemba 1974 wananchi waliulizwa kama wanataka uhuru: karibu 95 kati ya kila wapiga kura 100 walikubali, ila Maore karibu 64 kwa 100 walikataa. Tarehe 3 Julai 1975 Paris ikapitisha sheria kwamba katiba ya nchi mpya sharti ikubaliwe na kila kisiwa kivyake. Siku tatu baadaye Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, akatangaza uhuru. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro ukivitaja visiwa vyote vinne, na Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuitetea kura ya pili iliyoandaliwa Maore peke yake.

Watasema Wamaore walichagua wenyewe. Ni kweli, na kinyongo chao kilikuwa na sababu: mwaka 1958 iliamuliwa makao makuu yahamishwe kutoka Dzaoudzi, Maore, kwenda Moroni, Ngazidja, na wanawake wa Maore wakasimama mbele kuupinga utawala wa Ngazidja. Lakini kama matakwa ya kisiwa kimoja ndiyo kanuni, mbona Nzwani ilipojitenga mwaka 1997 na kuomba kurudi Ufaransa ilikataliwa? Kanuni inayofuatwa pale tu inapomfaa mwenye nguvu haistahili kuitwa haki. Dhuluma ya Moroni ilitaka dawa ndani ya nchi moja, kwa kugawana madaraka.

Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Tangu mwaka 1995, Mkomoro anayekwenda huko hudaiwa viza, na wengi wamezama baharini wakivuka kwa mashua kutoka Nzwani. Mazungumzo yoyote ya kweli yaanze kwa kuiondoa viza hiyo.