Sinia la mti la Ibn Battuta na keezo tuliyoisahau

Mwaka 2026 unatimiza robo karne tangu UNESCO ilipouandika Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, Desemba 2001. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulitangulia kwa mwaka mmoja. Kila miji hii inaposherehekewa, picha huwa ni ile ile: mlango wenye nakshi, na mtalii amesimama kando yake.

Sina ugomvi na mlango. Ninalouliza ni habari za jikoni. Pwani hii ilikuwa na chano, sinia la mti lenye kingo fupi au vijiguu, watu wakakizunguka na kula pamoja. Mlango ni kazi ya mchongaji mwenye patasi. Chombo cha mviringo ni kazi ya mkereza, na kikitakiwa kiwe pambo, mkereza humkabidhi mchongaji. Mchongaji tumemwekea makumbusho. Mkereza hatumtaji.

Ushahidi wa zamani juu ya sinia la mti katika pwani hii ninaoupenda kuliko wote ni wa mgeni. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alitia nanga Mogadishu baada ya safari ya siku kumi na tano kutoka Zeila. Vijana wa mji walitoka na mashua, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa, akikabidhi kwa mfanyabiashara mmoja chomboni na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Kijana aliyemwendea Ibn Battuta alijibiwa na wasafiri wenzake Ibn Battuta kwamba huyu si mfanyabiashara, ni mtu wa elimu. Basi akawa mgeni wa kadhi. Kadhi mwenyewe alikuja ufukweni kumpokea, akampeleka kwa sultani, ambaye alimtumia tambuu na popoo kabla hata ya chakula.

Kisha chakula kikaja: wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Waliandaliwa hivyo mara tatu kwa siku. Mgeni akaongeza kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wenyeji ni wanene.

Wasomaji wengi huishia kwenye vitambi, wakacheka. Mimi huishia kwenye sinia. Hakusema kama lilikerezwa au lilichimbwa kwa tezo; alilitaja tu. Alipofika Mombasa, mji ambao misikiti yake ilikuwa ya mbao, akataja tena chombo cha mti: cha kutekea maji kisimani, chenye kijiti cha urefu wa dhiraa moja, watu wakioshea miguu kabla ya kuingia kuswali. Katika miji miwili, jicho la mgeni limetua kwenye vyombo vya mti. Sisi wenyeji tuliokuja baadaye tukatazama milango.

Kutoka hapo hadi karne ya 19 nitapita haraka. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa mafundi wake. Lamu ikasifika kwa vitanda na viti vya enzi. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaleta samadari zenye nguzo zilizokerezwa. Kila mtu anayajua hayo.

Kisichojulikana sana ni kwamba kamusi imetunza kile ambacho karakana zimekitupa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo neno keezo, mtambo wa mkereza, na inayo keekee ya kutobolea, pamoja na viungo vyake: msukano, jivu, uta. Keezo ya zamani nayo iliendeshwa kwa uta. Kamba huzungushwa kwenye kipande cha mti, mkono mmoja ukavuta na kusukuma, mwingine ukashika chuma, na mguu ukakituliza. Mti huenda mbele na kurudi nyuma, na chuma hukata unapokuja tu. Unaporudi, fundi hukilegeza. Chombo kipana kama chano kinataka mtu wa pili wa kuvuta kamba. Ikitakiwa rangi, kipande cha lakiri hukandamizwa kwenye mti unaozunguka, joto la msuguano likaiyeyusha, ikashika.

Bakuli la nakshi huanza hapo. Mkereza hukereza umbo la nje, huchimba ndani kwa bobari, lakini huacha ukingo mnene kwa makusudi: ile ni nyama ya mchongaji. Mchongaji huugawa kwa bikari sehemu zilizo sawa, kisha huchonga mawaridi au mnyororo. Akikosea hesabu, waridi la mwisho litabanwa. Na hapigi msasa kwanza, maana chembe zinazobaki kwenye mti hufuta makali ya patasi. Msasa, kwa vijana wasiojua, ni jina la mti kabla ya kuwa karatasi; majani yake makavu ndiyo yaliyolainisha mbao za pwani.

Lamu inamkumbuka Muhamadi Kijuma, mshairi, mnakili na mchongaji aliyefariki mwaka 1945, kwa sababu mkono wake umebaki katika miswada. Mkereza hana bahati hiyo. Duara halina pahali pa kutia sahihi.

Baadaye yakaja masinia ya bati, kisha ya aluminiamu, kisha plastiki. Kitenzi kukereza kimehamia karakana za vyuma, na kijana anayejifunza fani hiyo leo huenda hajui kwamba ilianza kwenye mti.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwenye chano cha bibi uvunguni asikiuze kwa mnunuzi wa vitu vya kale kabla hajakipiga picha na kuandika nyuma yake kilikerezwa wapi na nani. Na mwenye keezo ya uta, hata kama kamba imekatika, aipeleke makumbusho ya Lamu.